Kofia Tatu za Xi Jinping: Kwa Nini ya Urais Ndiyo Nyepesi

Tarehe 11 Machi 2018 Bunge la China lilipiga kura kufuta maneno machache katika katiba ya nchi: yale yaliyosema kuwa Rais na Makamu wake hawatashika nafasi hizo kwa zaidi ya mihula miwili mfululizo. Wajumbe 2,958 walikubali, 2 wakakataa, 3 hawakuegemea upande. Redio na magazeti duniani yakatangaza kwamba Xi Jinping amejifanya rais wa maisha, na tangu siku hiyo maneno hayo yanazunguka vijiweni bila mtu kuyahoji.

Kuna ukweli ndani yake, ila picha inayobaki kichwani mwa msikilizaji imepinda. Inamfanya aamini kwamba siku ile ndipo kufuli la madaraka lilipovunjwa. Kufuli lililovunjwa lilikuwa la mlango wa sebule. Chumba chenye kasha la fedha na kile chenye bunduki havikuwahi kufungwa kwa kufuli la namna hiyo. Ukilijua hilo, maisha ya kisiasa ya mtu huyu yanaanza kusomeka, maana tangu akiwa na miaka 20 njia yake imepita kwenye chama kwanza, serikali ikifuata nyuma.

Maneno yanayotupoteza

Xi ana kofia tatu. Ni Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha China tangu 15 Novemba 2012. Ni Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi, chombo kinacholiamuru jeshi, tangu siku hiyohiyo. Ni Rais wa nchi tangu 14 Machi 2013. Ndivyo zinavyofuatana kwa uzito, na kofia tunayoitaja sisi kila siku ndiyo ya mwisho.

Msomaji wa Kiswahili, hasa wa Tanzania, huteleza mapema hapa. Katika CCM, Katibu Mkuu ni mtendaji: anasimamia makao makuu, anatembelea mikoa, anatoa matamko, lakini juu yake yupo Mwenyekiti. Nchini Kenya nako katibu mkuu wa chama yuko chini ya kiongozi wa chama. Kwa hiyo mtu akisikia "Katibu Mkuu Xi" anawaza msaidizi. China ni kinyume, kwa sababu chama chao hakina Mwenyekiti. Cheo hicho kilifutwa mwaka 1982, na kilifutwa kwa makusudi, ili asipatikane mwingine wa kukaa juu ya wenzake kama alivyokaa Mao Zedong mpaka kifo chake mwaka 1976. Mwenyekiti alipoondoka, aliyebaki kileleni ni Katibu Mkuu.

Mtelezo wa pili ni "Kamati Kuu". Kwetu Kamati Kuu ni chombo kidogo cha juu, na Halmashauri Kuu ndiyo pana. Kwa Wachina Kamati Kuu ndiyo pana: iliyochaguliwa Oktoba 2022 ilianza na wajumbe kamili 205 na wajumbe wa akiba 171. Ndani yake kuna Ofisi ya Siasa, iliyoanza na watu 24, na ndani ya hiyo kuna Kamati ya Kudumu yenye watu 7. Hao 7 ndio wanaoamua mambo makubwa ya nchi. Ukitaka kulinganisha na CCM, soma Kamati Kuu yao kama Halmashauri Kuu yetu, na Ofisi ya Siasa yao kama Kamati Kuu yetu. Mkanganyiko mwingi kwenye habari zetu unatoka hapo tu.

Kisha kuna neno lenyewe, rais. Kwa Kichina cheo hicho kinaitwa *guojia zhuxi*, yaani Mwenyekiti wa Nchi. *Zhuxi* ni neno lilelile la "Mwenyekiti Mao". Marais wa mataifa mengine, wa Tanzania na wa Marekani wakiwemo, Wachina huwaita kwa neno tofauti kabisa, *zongtong*. Beijing yenyewe, baada ya katiba ya 1982, ndiyo iliyoamua kukitafsiri cheo hicho kwa Kiingereza kama rais, na Kiswahili kikafuata. Tafsiri hiyo inafaa kwenye itifaki. Inapotosha pale tunapodhani kwamba rais wa China ana mamlaka kama ya rais wetu, anayeteua mawaziri, wakuu wa mikoa na majaji kwa saini yake.

Katiba ya China inampa Rais kazi gani? Anatangaza sheria ambazo Bunge limekwisha kuzipitisha. Anamteua Waziri Mkuu ambaye Bunge limekwisha kumkubali. Anapokea hati za mabalozi, anatunuku nishani, anafanya ziara za kiserikali. Hana uwezo wa kuzuia sheria. Kofia hii inavaliwa uwanja wa ndege na kwenye karamu za kitaifa.

Daftari la katibu

Ilikuwaje katibu akawa bosi? Fikiria kamati ya harusi. Mwenyekiti ni mzee anayeheshimika, anafungua na kufunga vikao. Katibu ndiye anayeshika daftari: nani ameahidi, nani ametoa, kadi zipelekwe kwa nani, nani akae meza ya mbele. Kikao cha kwanza katibu ni mwandishi tu. Kikao cha sita, kila mtu anayetaka kadi anamtafuta yeye.

Ndivyo ilivyotokea Moscow mwaka 1922. Joseph Stalin alipewa ukatibu mkuu wa chama, kazi ambayo wenzake waliiona ya makaratasi. Kazi ile ilimpa mamlaka ya kupanga nani awe katibu wa mkoa gani, na makatibu wa mikoa ndio waliopeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu, na mkutano mkuu ndio uliochagua viongozi wa juu. Baada ya miaka michache ukumbi wote ulikuwa wa watu wake. Tangu hapo, katika nchi nyingi zilizofuata mfano wa Kisovieti, katibu wa chama ndiye mkubwa wa kweli, na mkuu wa nchi anaweza kuwa mzee yeyote wa kupokea wageni.

China ilirithi mfumo huo na ikauimarisha. Chama kina Idara ya Oganaizesheni, jina ambalo Mtanzania analijua, ila ya kwao ina nguvu nyingine kabisa. Inashika mafaili ya watu na orodha ya nafasi: magavana, mawaziri, wakuu wa benki za umma, wakuu wa vyuo vikuu vikubwa, wahariri wa vyombo vikuu vya habari. Hakuna anayekaa kwenye kiti kilicho katika orodha hiyo bila chama kuamua. Bunge au bodi huja baadaye kupitisha.

Na katika kila mkoa, wilaya na mji kuna viongozi wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa chama. Wa chama ndiye mkubwa. Gavana wa mkoa ni namba mbili. Namba moja ni katibu wa chama wa mkoa. Ukisoma kwamba fulani "amepandishwa kutoka ugavana na kuwa katibu wa chama", hajashushwa kwenye ofisi za chama kupumzika. Sasa ndipo ameupata mkoa.

Kofia zilipovaliwa na watu tofauti

Njia nzuri ya kupima uzito wa kofia ni kuangalia nyakati zilipokuwa kwenye vichwa tofauti. Watanzania wanazo kumbukumbu zao. Novemba 1985 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais, lakini alibaki Mwenyekiti wa CCM mpaka Agosti 1990. Kwa karibu miaka mitano hakuna aliyeweza kueleza siasa za nchi kwa kumtaja Rais peke yake. Mjadala wa "kutenganisha kofia mbili" unaorudirudi ndani ya CCM unatokana na swali hilohilo.

China nayo ilikuwa na kipindi kifupi kinachofundisha sana. Kati ya 15 Novemba 2012 na 14 Machi 2013, Rais wa China alikuwa bado Hu Jintao. Xi alikuwa na chama na jeshi, urais hana. Nani alitawala miezi ile minne? Tarehe 4 Desemba 2012 Ofisi ya Siasa chini ya Xi ilitoa kanuni nane za kubana anasa za viongozi: misafara mifupi, karamu chache, hotuba zisizo na maneno matupu. Maofisa nchi nzima walianza kubadili mwenendo, na biashara ya hoteli za kifahari na pombe za bei mbaya ikayumba. Hakuna aliyesubiri mpaka Machi ili ajue mkubwa ni nani. Urais ulipofika, ziara yake ya kwanza nje ilianzia Urusi, kisha akatua Dar es Salaam tarehe 24 Machi 2013. Kwa safari hiyo ndipo ile kofia ya tatu ilipohitajika.

Mifano mingine ni mizito zaidi. Mwalimu alipokwenda Beijing Februari 1965, mwenzake kiitifaki, yaani mkuu wa nchi, alikuwa Liu Shaoqi. Mao alikuwa amekwisha kumwachia Liu kiti hicho tangu 1959, akabaki na chama na jeshi. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka aliowaona maadui ndani ya chama na nje yake, yalipoanza mwaka 1966, Liu aligeuzwa kuwa adui namba moja. Mwalimu alirudi China Juni 1968, na wakati huo mkuu wa nchi kwa mujibu wa katiba alikuwa kizuizini, amenyanyaswa na mgonjwa. Chama kilimfukuza rasmi Oktoba 1968, na Novemba 1969 akafia Kaifeng. Katiba iliyomfanya mkuu wa nchi haikumwokoa na kipigo hata kimoja. Mwaka 1975 cheo chenyewe kilifutwa, na nchi ikaendelea bila mkuu wa nchi wa namna hiyo mpaka kiliporudishwa kwa katiba ya 1982.

Kiliporudi, walikikalia wazee wa heshima, Li Xiannian kisha Yang Shangkun. Aliyeongoza nchi alikuwa Deng Xiaoping, ambaye hakuwahi kuwa Rais wala mkuu wa chama. Alishika kofia moja kubwa kwa muda, uenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi, kuanzia 1981 hadi 1989. Ilitosha. Makatibu wakuu wawili waliomkasirisha waliondoka: Hu Yaobang Januari 1987 na Zhao Ziyang Juni 1989. Zhao alipinga kutumia jeshi dhidi ya waandamanaji wa uwanja wa Tiananmen mjini Beijing, na akaishi kizuizini nyumbani kwake mpaka alipofariki Januari 2005. Kwa hiyo hata ukatibu mkuu, ukiutenga na bunduki, unaweza kung'olewa.

Jeshi lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Jeshi la Ukombozi wa Umma ni la chama. Lilianzishwa na chama tarehe 1 Agosti 1927, miaka 22 kabla ya Jamhuri ya Watu wa China kuzaliwa, na askari anapokula kiapo anataja uongozi wa chama kwanza. Kisheria kuna kamati mbili za kijeshi, moja ya chama na moja ya serikali, lakini kwa kawaida waliomo ni walewale. Mtanzania aliyekuwa mtu mzima kabla ya 1992 hapati shida kulielewa hili, kwa kuwa makambini kwetu kulikuwa na matawi ya chama; kijana aliyezaliwa baada ya hapo, aliyekua akijua kwamba askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama chochote, ndiye anayelishangaa.

Kijana wa pangoni

Xi Jinping alizaliwa Beijing tarehe 15 Juni 1953, mtoto wa kigogo. Baba yake, Xi Zhongxun, alipigana vita vya msituni upande wa Mao na akafika kuwa naibu waziri mkuu. Mwaka 1962, mtoto akiwa na miaka 9, baba alivuliwa vyeo kwa tuhuma kwamba aliunga mkono riwaya iliyodaiwa kukipinga chama. Mapinduzi ya Utamaduni yalipokuja, familia ilisambaratishwa, na dada yake wa baba mmoja alifariki katika mateso ya miaka ile.

Januari 1969, akiwa na miaka 15, alipelekwa pamoja na vijana wengine wa mjini katika kijiji cha Liangjiahe, mkoa wa Shaanxi. Huko nyumba ni mapango yaliyochimbwa kwenye kingo za udongo wa manjano: mlango wa mbao wenye karatasi badala ya vioo, na kitanda cha matofali ya udongo kinachopashwa moto kwa chini, wanalala watu kadhaa bega kwa bega. Viroboto walimla ngozi ikavimba. Kazi zilikuwa kubeba samadi, kupura nafaka, kujenga mabwawa ya udongo. Baada ya miezi michache alitoroka kurudi Beijing, akakamatwa na kutiwa kwenye kazi za kuchimba mitaro, kisha akarudi kijijini. Alikaa miaka saba.

Vyombo vya chama husimulia habari za Liangjiahe karibu kama za mtume, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Kinachotuhusu hapa ni uamuzi alioufanya akiwa kule. Chama kilikuwa kimemwangusha baba yake. Vijana wengi wa hali yake waliichukia siasa moja kwa moja. Yeye aliomba uanachama, akakataliwa kwa sababu ya baba, akaomba tena na tena, mpaka akapokewa Januari 1974. Mwaka huohuo akawa katibu wa tawi la chama la kijiji. Cheo chake cha kwanza maishani kilikuwa ukatibu.

Mwaka 1975 aliingia Chuo Kikuu cha Tsinghua kusomea uhandisi wa kemikali. Baba yake alisafishwa jina mwaka 1978 na kupelekwa kuongoza Guangdong, ambako alisukuma maeneo maalumu ya kiuchumi, Shenzhen likiwa mojawapo. Mlango ukafunguka. Mtoto akapata kazi kama mmoja wa makatibu wa Geng Biao, rafiki wa zamani wa baba, aliyekuwa mtu mzito katika Kamati Kuu ya Kijeshi. Kwa miaka mitatu, 1979 hadi 1982, alivaa sare na kusoma makaratasi ya jeshi. Watu huipita sehemu hii haraka. Isipitwe: waliomtangulia, Jiang Zemin na Hu Jintao, waliingia kwenye uongozi wa jeshi wakiwa wageni kwa majenerali. Xi alikuwa amekwisha kuzijua korido zile akiwa hajatimiza miaka 30.

Baada ya hapo aliomba kwenda wilayani. Alianza Zhengding, mkoa wa Hebei, kama naibu katibu mwaka 1982, kisha katibu. Mwaka 1985 akawa naibu meya wa Xiamen, na akakaa mkoani Fujian miaka 17. Mwaka 1987 alimwoa Peng Liyuan, mwimbaji wa jeshi ambaye kwa miaka mingi alijulikana na Wachina kuliko mumewe. Mwaka 1997 alichaguliwa mjumbe wa akiba wa Kamati Kuu, na kati ya wajumbe 151 wa akiba alikuwa wa mwisho kwa kura. Utoto wa kigogo ulimfungulia mlango, na papo hapo wenzake walimnyima kura kwa sababu hiyo.

Fujian alifika kuwa gavana, namba mbili. Mwaka 2002 alihamishiwa Zhejiang na mwishoni mwa mwaka huo akawa katibu wa chama wa mkoa: sasa namba moja, katika mkoa wa viwanda binafsi na matajiri wapya. Machi 2007 alipelekwa Shanghai kuchukua nafasi iliyoachwa na katibu aliyeng'olewa kwa kashfa ya fedha za mfuko wa jamii. Miezi saba tu baadaye, Oktoba 2007, aliingia moja kwa moja kwenye Kamati ya Kudumu akiwa wa sita kwa ngazi, mmoja juu ya Li Keqiang ambaye wengi walimdhania mrithi. Kuanzia siku hiyo mpangilio wa majina ulisema yote. Machi 2008 akawa Makamu wa Rais, na Oktoba 2010 Makamu Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi. Kofia zote tatu zilikuwa zimekwisha kupimwa kichwani mwake.

Alichofanya alipozipata

Jiang Zemin alipoacha ukatibu mkuu mwaka 2002 aling'ang'ania uenyekiti wa jeshi kwa karibu miaka miwili, na Hu Jintao akatawala huku mzee akiwa juu yake. Hu hakuurudia mchezo huo. Aliachia chama na jeshi siku moja. Xi akaanza na kile ambacho Hu mwenyewe hakukipata.

Kisha akaja na fagio, au kwa maneno yao, kampeni ya kuwapiga "simbamarara na nzi", wakubwa na wadogo pamoja. Zaidi ya watu milioni moja waliadhibiwa na chama katika muhula wake wa kwanza. Lililowashtua viongozi ni kuanguka kwa Zhou Yongkang, aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Kudumu na msimamizi wa polisi na mahakama, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Juni 2015. Kwa miongo ilikuwa imekubalika kimyakimya kwamba aliyefika Kamati ya Kudumu haguswi. Jeshini, makamu wenyeviti wawili wa zamani waliangukia humohumo: Xu Caihou alifariki kabla ya kesi, Guo Boxiong akafungwa maisha mwaka 2016. Je, ilikuwa vita ya rushwa au ya kuondoa wapinzani? Vyote viwili. Rushwa ilikuwa kubwa kweli, kiasi kwamba vyeo vya jeshi viliuzwa, na walioanguka mara nyingi walikuwa watu wa kambi nyingine. Anayechagua jibu moja tu anaacha nusu ya habari.

Hatua ya tatu haikusikika sana nje. Aliunda na kuziongoza mwenyewe kamati za chama za mageuzi, usalama wa taifa, uchumi na mtandao, na maamuzi yakahama kutoka ofisi ya Waziri Mkuu kwenda huko. Li Keqiang alibaki Waziri Mkuu kwa miaka kumi, 2013 hadi 2023, huku kazi ikimponyoka. Oktoba 2016 chama kilimtangaza Xi kuwa "kiini" cha uongozi, na Oktoba 2017 fikra zake zikaingizwa kwenye katiba ya chama kwa jina lake. Hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndipo mambo yalipokwisha kuamuliwa. Kura ya Machi 2018 iliilegeza tu kofia ya tatu ili ikae sawa na zile mbili, ambazo hazijawahi kuwa na ukomo wa mihula kwa maandishi. Kilichozibana zamani kilikuwa desturi, na desturi ya kustaafu ukifika miaka 68 nayo iliwekwa pembeni Oktoba 2022, alipochukua muhula wa tatu wa ukatibu mkuu akiwa na miaka 69. Machi 2023 Bunge likampa urais kwa kura 2,952, hakuna hata moja ya kupinga.

Ila kofia zote tatu si kinga kamili. Hua Guofeng, aliyemrithi Mao mwaka 1976, alikuwa na uenyekiti wa chama, wa jeshi na uwaziri mkuu kwa pamoja, na bado ndani ya miaka mitano Deng alimwondoa bila risasi. Hua alikuwa na vyeo lakini hakuwa na watu. Xi alitumia miaka kumi kuhakikisha anavyo vyote, akiwajaza kwenye nafasi wale aliofanya nao kazi Fujian na Zhejiang.

Yanayosemwa sana

"China ina chama kimoja tu." Vipo vingine vinane vyenye usajili halali na wabunge. Vyote vinakubali uongozi wa Chama cha Kikomunisti na havishindani nacho, hivyo kiutendaji matokeo yanafanana na ya chama kimoja.

"Mkomunisti gani huyo mwenye mabilionea?" Katika nadharia yao ukomunisti ni mwisho wa safari, jamii isiyo na matabaka, na ujamaa ni njia ya kufika. Tangu 1987 chama kinasema China iko kwenye "hatua ya awali ya ujamaa", hatua itakayochukua angalau miaka mia, na humo soko na mali binafsi vinaruhusiwa. Mwaka 2002 kanuni zilibadilishwa ili wafanyabiashara wapokelewe uanachama. Lakini ardhi ya mijini ni ya serikali, benki kubwa ni za serikali, na mahali popote penye wanachama watatu au zaidi, kampuni binafsi zikiwemo, panatakiwa tawi la chama. Tajiri anaruhusiwa kutajirika. Haruhusiwi kujenga nguvu ambayo chama hakiifikii.

"Atakuwa madarakani maisha." Hakuna andiko linalosema hivyo. Kila kofia ni ya miaka mitano, na kila mara kuna kikao cha kuirudisha. Tatizo halisi, na ni kubwa, liko kwingine: hakuna anayeonekana kuwa mrithi. Zamani nchi ilimjua mtu ajaye miaka mitano kabla, kama ilivyomjua Xi mwenyewe mwaka 2007. Leo Makamu wa Rais, Han Zheng, ni mdogo kwa Xi kwa miezi kumi tu na hayumo kwenye Kamati ya Kudumu. Ikitokea dharura, katiba inasema Makamu anashika urais papo hapo, lakini kwa ukatibu mkuu na jeshi hakuna anayepanda moja kwa moja. Kamati Kuu ya chama itabidi ikutane na kuchagua, pengine kukiwa na mabishano ambayo hakuna aliyewahi kuyapangia utaratibu. Ukomo wa 1982 uliwekwa na watu waliokuwa wameteseka chini ya mzee mmoja asiyebadilishika. Kuuondoa ilikuwa kosa, na gharama yake itaonekana siku ambayo haijapangwa.

Kwa anayetaka kufuatilia, kuna alama mbili. Moja ni kuangalia kama raia asiye mwanajeshi atateuliwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi, kama alivyoteuliwa Xi mwaka 2010. Tangu aliposhika uenyekiti, makamu wake wote wamekuwa majenerali. Nyingine ni Mkutano Mkuu wa 21 wa chama, unaotarajiwa mwishoni mwa 2027. Ukimalizika, Kamati ya Kudumu mpya itatembea kwenye zulia jekundu katika Ukumbi Mkuu wa Umma, mmoja nyuma ya mwingine kwa ngazi, mbele ya waandishi wa habari. Muhula wa urais utakwisha miezi kadhaa baadaye, Machi 2028. Vichwa vya habari vitasubiri Machi. Wachina watakuwa wamekwisha kumwona aliyetembea wa kwanza.